Je, Wajua? Siri ya Watu Kuongezeka na Kupungua

Je, wajua kwamba sensa ya 1967 ilihesabu Watanzania milioni 12.3, na ya 2022 ikahesabu milioni 61.7? Karani mwenye kishikwambi aliuliza nani alilala hapa usiku wa kuamkia Agosti 23. Mgeni wa gesti alihesabiwa, abiria aliyelala stendi pia, na hata kichanga aliyezaliwa kabla ya saa sita usiku.

Je, wajua kwamba hatukuongezeka hivyo kwa kuzaa zaidi? Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mwanamke wa Tanzania alizaa wastani wa watoto 6 hivi. Kufikia 2022, ni 4.8. Kilichopungua kwa kasi zaidi ni vifo. Utafiti wa 1999 ulikuta kwamba kati ya watoto 1,000 waliozaliwa hai, 147 walifariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Chanjo ya surua, chandarua chenye dawa, maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha: hayo ndiyo yaliyojaza madarasa yetu. Anayelalamikia msongamano wa madawati akumbuke kwamba baadhi ya watoto hao zamani wangekuwa makaburini.

Je, wajua kwamba vifo vinapopungua, uzazi huchelewa kufuata? Mama aliyeshuhudia mama yake akizika wanawe huzaa na wa akiba. Huchukua miaka mingi kuamini kwamba wote watakua, na katika miaka hiyo ndipo idadi hupaa.

Je, wajua kwamba mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa wastani wa watoto 8, na kufikia 2022 ni 3.4? Wasichana walibaki shuleni, uzazi wa mpango ukafika zahanati, mashamba ya kurithi yakawa vipande. Hata hivyo Kenya bado inakua, kwa kuwa mabinti wa enzi ya watoto wanane nao walizaa, na binti zao ndio kina mama wa leo.

Je, wajua kwamba hata redio ilichangia kueneza uzazi wa mpango Tanzania? Mchezo wa “Twende na Wakati”, wenye dereva wa lori Mkwaju, ulianza Radio Tanzania mwaka 1993, lakini Dodoma haukurushwa hadi 1995. Watafiti walilinganisha: kulikosikika mchezo huo, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda zaidi.

Kupungua nako kuna njia zake. Ireland ilikuwa na watu zaidi ya milioni 8 mwaka 1841. Ugonjwa wa viazi ukaleta njaa. Milioni moja hivi wakafa, wengine zaidi ya milioni wakapanda meli. Kisiwa hicho hakijarudia idadi ile mpaka leo.

Korea Kusini haikuhitaji njaa. Mwaka 1960 mwanamke alizaa watoto 6 hivi. Mwaka 2023 wastani ulikuwa 0.72, wakati inahitajika 2.1 ili idadi isipungue. Nyumba ghali, kazi za saa nyingi na gharama za masomo ya ziada zimewafanya vijana waahirishe ndoa, na shule za vijijini zinafungwa kwa kukosa wanafunzi.