Luti ya Bream machoni pa Wapwani

Diani gitaa si mgeni. Jua likishatua, wanamuziki wa hoteli kuanzia Tiwi hadi Galu hujipanga kando ya bwawa la kuogelea, na kabla watalii hawajamaliza supu mpiga gitaa amekwisha kupita kwenye "Malaika" na kuingia "Jambo Bwana", wimbo ambao Them Mushrooms wa Mombasa waliutoa mwaka 1982 na ambao hadi leo hakuna bendi ya hoteli inayothubutu kuuacha. Nyuzi sita, vyuma vyembamba vilivyokatiza shingoni, waya unaokwenda kwenye spika. Ala hiyo imezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza ukoo wake.

Anayetaka kuujua ukoo huo anaweza kuanzia kwenye filamu za zamani za televisheni, ambazo nyingi sasa hupatikana hata kwenye simu. Ndani yake yumo Mwingereza mnene kiasi, Julian Bream, aliyezaliwa London mwaka 1933 na kufariki mwaka 2020. Amepakata ala yenye tumbo la mviringo, uso wa mbao wenye ua lililochongwa katikati, na kichwa kilichokunjwa kwa nyuma. Mzee yeyote aliyekulia kwenye harusi za taarab, awe wa Vanga au wa Mji wa Kale wa Mombasa, ataitupia jicho na kusema: lakini huo si udi?

Si udi, ila mzee hakukosea sana. Ile ni luti, na luti ni mtoto wa udi. Waarabu waliuvusha udi hadi Andalusia, kusini mwa Hispania ya leo. Mwaka 822 Ziryab, mwimbaji na mpiga udi aliyetoka Baghdad, aliwasili Cordoba, na husimuliwa kwamba ndiye aliyeongeza uzi wa tano na kutumia unyoya wa tai kuwa risha. Kutoka huko ala ikasambaa Ulaya, ikafungwa vigawanyo vya utumbo wa mnyama shingoni ili kila noti ipate mahali pake, na kufikia mwishoni mwa karne ya 15 wapigaji wengi walikuwa wameiweka risha kando wakaanza kutumia vidole. Kwa vidole mtu mmoja aliweza kupiga sauti tatu au nne kwa pamoja. Hapo mtoto akaachana na mzazi: udi ukabaki na risha yake, na sauti moja inayopanda na kushuka.

Luti ilitamba Ulaya kwa karne kadhaa, kisha ikasahauliwa. Muziki wa John Dowland, Mwingereza aliyeishi kuanzia 1563 hadi 1626 na aliyekuwa bingwa wa ala hiyo, ulibaki kwenye vitabu vya maktaba. Gitaa nalo, Uingereza ya baada ya Vita vya Pili vya Dunia, halikuhesabiwa kuwa ala ya maana. Bream alipoingia Chuo cha Kifalme cha Muziki cha London alisomea piano, kwa kuwa gitaa halikufundishwa humo. Hata hivyo mwaka 1951, akiwa kijana wa miaka 18, alipiga gitaa katika ukumbi wa Wigmore, na wakati huohuo alikuwa amekwisha kuishika luti.

Televisheni ndiyo iliyoifaa luti kuliko ukumbi wowote. Luti ina sauti ndogo. Mbao zake ni nyembamba, ala nzima nyepesi kama kibuyu kikavu, nayo iliundwa kwa ajili ya chumba chenye wasikilizaji wachache. Iweke mbele ya watu elfu moja, na waliokaa nyuma wataambulia kikohozi cha jirani. Kipaza sauti na kamera vilimrudisha msikilizaji pale alipotakiwa kuwa tangu mwanzo, yaani hatua mbili kutoka kwa mpigaji. Redio ingeweza kuleta sauti, lakini haikuweza kuonyesha mkono. Wala uso: Bream alikuwa akikunja sura, akiuma midomo na kufumba macho kana kwamba kila noti inamgharimu kitu. Wapo waliokerwa na vituko hivyo. Ukweli ni kwamba vilimsaidia mtazamaji asiyejua muziki huo kutambua wapi pana mvutano na wapi pana nafuu.

Tukio maarufu kuliko yote limo katika filamu ya mwaka 1965 iliyotengenezwa na Bodi ya Filamu ya Kanada kuhusu mtunzi Igor Stravinsky. Stravinsky alikuwa Toronto, umri wake umekwisha kupita miaka 80. Bream anamjia na luti yake, anaketi karibu naye na kumpigia Dowland. Hakuna jukwaa, hakuna pazia. Mtunzi aliyeutikisa muziki wa karne ya 20 ameinamia ala ya karne ya 16, anasikiliza.

Baadaye wataalamu walikuja na malalamiko, tena ya haki. Luti ya Bream ya miaka ya mwanzo iliundwa na Thomas Goff, fundi wa vinanda vya kale, nayo ilikuwa nzito kuliko luti za enzi za Dowland. Shingoni ilikuwa na vyuma vilivyogongomewa, mahali pa vigawanyo vya utumbo vinavyofungwa na kusogezwa. Bream mwenyewe aliipiga kwa kucha, kama gitaa, ilhali wapigaji wa zamani walitumia nyama ya kidole. Kizazi kilichomfuata kilirudi kwenye michoro na ala zilizohifadhiwa katika makumbusho, kikaunda luti nyepesi na kukata kucha. Leo hakuna mpigaji makini anayetumia luti ya namna ya Bream. Lakini wengi wa hao waliomsahihisha waliipenda luti kwa sababu walimwona au kumsikia yeye, na msahihishaji huhitaji kwanza kitu cha kusahihisha.

Kwa hiyo filamu hizo zitazamwe kwa ajili ya mkono wa kulia. Mkono huo hautulii. Akitaka sauti tamu na nene, anausogeza juu ya lile ua la katikati. Akitaka sauti kavu yenye makali, anaurudisha karibu na daraja ambako nyuzi zimefungwa. Wimbo mmoja hupata rangi tatu au nne bila uzi mmoja kubadilishwa.

Mwaka 1985 alitoka na mfululizo wa vipindi vinane uitwao "Guitarra!", akizunguka Hispania na kupiga ala zilizotangulia gitaa la leo, moja baada ya nyingine. Imo vihuela, yenye umbo la gitaa lakini nyuzi zilizotegwa kama za luti. Kitabu cha mtunzi Luis de Milán cha muziki wa vihuela kilichapishwa Valencia mwaka 1536. Limo gitaa dogo la jozi nne za nyuzi, kisha lile la jozi tano la enzi za mtunzi Gaspar Sanz. Msikilizaji anasikia ukoo ukikua mbele yake, ingawa anayefuata vipindi vyote lazima avumilie mandhari nyingi za majumba na mashamba.

Pwani yetu ina ukoo kama huo. Kabla ya udi mkubwa wa mbavu za mbao kutawala taarab, palikuwa na gambusi, linalochongwa kwa gogo moja na kuwambwa ngozi, na ndugu yake kibangala. Mwenye kuubeba urithi wa udi kwa miaka mingi Mombasa alikuwa Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu, aliyeimba tungo za washairi wa pwani huku akipiga mwenyewe. Kwa kiasi kikubwa sauti yake ilienezwa na kanda za kaseti, zilizouzwa madukani na kurudufiwa majumbani hadi zikakwaruza. Televisheni ilikuwepo: ya Kenya ilianza mwaka 1962, na ya Zanzibar, iliyokuwa ya rangi, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ila wengi walimfahamu Zein kwa kanda, na kanda haionyeshi risha inavyogeuka mkononi, na mwanafunzi wa udi huhitaji kuona hilo kabla ya jingine lolote. Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilichofunguliwa mwaka 2002 hufundisha udi ana kwa ana.



Mwenye jioni moja ya kupumzika Diani na simu yenye chaji ajaribu hivi: atazame Bream akipiga vihuela katika "Guitarra!", kisha aweke albamu ya Zein Musical Party iliyotoka mwaka 1990, "Mtindo wa Mombasa". Asikilize noti zinavyounganishwa. Kwa Bream kila noti ina mpaka, kwa sababu shingo imegawanywa. Kwa Zein kidole kinateleza katikati ya noti mbili na kusimama mahali ambapo gitaa la hoteli halina kituo kabisa.