Juu ya Neno "Kukusanya" katika Uundaji wa Programu

Baadhi ya waandishi wa Kiswahili hutumia neno "kukusanya" kwa kazi ya kuyageuza maandishi ya mtunga programu, yaitwayo msimbo chanzo, kuwa programu ambayo mashine yaweza kuiendesha. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba ndani ya neno hilo zimo kazi zaidi ya moja, na kwamba asiyezitenga hupotea. Hasa sisi wachunguzi wa lugha, ambao siku hizi twaziachia programu zituchambulie vitenzi.

Neno lenyewe lilikuwa na haki yake. Mnamo 1952 Grace Hopper, huko Marekani, aliitengenezea mashine ya UNIVAC programu iliyojulikana kama A-0. Kazi yake ilikuwa kuvitafuta vipande vilivyohifadhiwa kwenye utepe na kuvipanga pamoja: huko ndiko kukusanya hasa. Lakini ilipofika 1957, FORTRAN ya kampuni ya IBM ilikuwa ikifasiri milinganyo ya hisabati kuwa lugha ya mashine. Kazi ilibadilika, jina likabaki. Hili si geni kwetu: "meli" ni neno lililotokana na jina la Kiingereza la barua za posta, na leo twaliita hivyo hata jahazi la chuma lisilochukua barua moja.

Tuchukue mfano. Mtu ana programu ya kuchambua maneno, iliyoandikwa kwa lugha ya C katika mafaili mawili. Mbele ya mstari wa amri ataandika hivi:

gcc -c vitenzi.c
gcc -c nomino.c
gcc vitenzi.o nomino.o -o chambuzi

Amri mbili za kwanza zafasiri, kila moja huzaa faili la kati, lenye mwisho wa ".o", ambalo peke yake haliendeshwi. Ya tatu haifasiri neno lolote, bali yaunganisha. Kwa hiyo napendelea tuseme "kufasiri" kwa hatua ile, "kuunganisha" kwa hii, na "kuunda" kwa kazi nzima.

Mafaili yakiwa mawili, kumbukumbu ya mtu yatosha. Yakiwa mia mbili, haitoshi. Mwaka 1976, katika maabara za Bell, mtaalamu mmoja alipoteza asubuhi nzima akitafuta kosa katika programu ambayo tayari ilikwisha sahihishwa, kwa kuwa faili lililosahihishwa halikufasiriwa upya. Mwenzake, Stuart Feldman, akaitunga programu ya Make. Hiyo husoma faili liitwalo Makefile, lenye kanuni za namna hii:

chambuzi: vitenzi.o nomino.o
	gcc vitenzi.o nomino.o -o chambuzi
vitenzi.o: vitenzi.c viambishi.h
	gcc -c vitenzi.c

Kushoto kwa nukta mbili ni kitu kitakiwacho. Kulia ni vile kinavyovitegemea. Chini yake ni amri. Mtu akiandika "make", programu hutazama saa za mafaili. Ikiwa kinachotegemewa ni kipya kuliko kilichozaliwa nacho, amri hutekelezwa. La sivyo huachwa. Mstari wa amri sharti uanze kwa kitufe cha Tab, si kwa nafasi za kawaida. Feldman aliona mapema kwamba sharti hili lasumbua, lakini alikwisha pata watumiaji kama kumi na wawili, asipende kuwavurugia kazi. Usumbufu huo ungalipo.

Hatari kubwa iko kwingine. Make haielewi lugha ya C. Hujua yale tu iliyoambiwa. Tuseme "viambishi.h", lenye orodha ya viambishi vya vitenzi, limesahauliwa katika kanuni ile ya pili. Mchunguzi asahihisha orodha ili "ku" ya "hakusoma" ihesabiwe kuwa ya wakati uliopita, si ya kitenzi-jina. Aandika "make", naye ajibiwa kwamba hakuna la kufanya. Aiendesha programu, na matini yake yote yachambuliwa kwa kanuni ya jana. Hapatokei onyo lolote, na hesabu zitokazo huonekana safi kabisa.

Dawa ni kumwachia mfasiri mwenyewe aorodheshe mategemeo: gcc ikipewa "-MMD" huyaandika katika mafaili ya ".d", ambayo Makefile huelekezwa kuyasoma. Na kabla ya kuchapisha matokeo yoyote, yafaa programu yote iundwe upya kwa "make -B", ambayo, katika Make ya GNU, haitazami saa.