Nyoka wa Adelphi: Fumbo la Mauaji kutoka Ukurasani hadi Jukwaani katika The Speckled Band (1910)

Tamthilia ya The Speckled Band ya Arthur Conan Doyle ilioneshwa kwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Adelphi, London, tarehe 4 Juni 1910. Chimbuko lake ni hadithi fupi ya jina hilohilo iliyochapishwa katika jarida la The Strand Magazine mwezi Februari 1892, wakati Malkia Victoria angali katika kiti cha enzi. Wahakiki wengi wa fasihi ya upelelezi huitaja tamthilia hii kwa kupita, wakiichukulia kuwa kivuli cha hadithi. Makala haya yanashikilia msimamo tofauti: kwamba mabadiliko aliyoyafanya Doyle yanaonesha wazi kuliko maandishi yake mengine ni nini hasa hutendeka pale fumbo la mauaji linapoondolewa mikononi mwa msimulizi na kukabidhiwa jukwaa.

Sababu za kuandikwa kwake hazikuwa za kisanaa peke yake. Doyle alikuwa ameukodi ukumbi wa Adelphi kwa miezi 6 ili kuonesha tamthilia yake nyingine, The House of Temperley, iliyohusu mabondia wa zama za nyuma. Tamthilia hiyo haikuvuta watazamaji wa kutosha, na kifo cha Mfalme Edward VII tarehe 6 Mei 1910 kikazidi kuzitia kumbi za London simanzi. Kodi iliendelea kudaiwa na ukumbi ulikuwa mtupu. Kwa kauli yake mwenyewe katika kitabu cha kumbukumbu za maisha yake cha mwaka 1924, Doyle aliiandika The Speckled Band kwa muda wa wiki moja hivi. Ilioneshwa mara 169, na hasara ikafidiwa.

Katika hadithi, Helen Stoner anafika Baker Street alfajiri akitetemeka. Dada yake, Julia, alikufa miaka miwili iliyotangulia ndani ya chumba kilichofungwa, siku chache kabla ya ndoa yake. Sasa Helen mwenyewe amechumbiwa, naye amelazwa katika chumba kilekile. Baba yao wa kambo, Dkt. Roylott, aliyewahi kufanya kazi ya utabibu India, atapoteza sehemu ya mapato iwapo binti ataolewa. Holmes anakikagua chumba na kukuta kitanda kilichokazwa sakafuni, kamba ya kengele isiyounganishwa na kengele yoyote, na tundu la hewa linaloelekea chumba cha daktari badala ya kuelekea nje. Nyoka mwenye sumu ndiye aliyepita tunduni na kushuka kwa kamba.

Ni vyema kutambua kwamba hata katika hadithi swali si "nani ameua?" Msomaji makini humshuku Roylott mapema, hasa anapoingia kwa Holmes na kulipinda chuma la kuchochea moto kwa mikono yake. Swali ni "ameuaje?" Jibu hulindwa na Watson, msimulizi anayeona kila anachokiona Holmes bila kukielewa. Ujinga wake ndio pazia. Jukwaani pazia hilo halipo, kwa sababu mtazamaji hutumia macho yake mwenyewe, na Watson anakuwa mhusika miongoni mwa wahusika.

Doyle hakujaribu kulirudisha pazia hilo. Alibadili majina kidogo (Roylott akawa Rylott, Helen akawa Enid Stonor), kisha akafungua tendo la kwanza kwa kikao cha kuchunguza kifo cha dada, ndani ya nyumba ya daktari. Uteuzi huu una busara kubwa. Kikao cha namna hiyo ni tamthilia tayari: mashahidi wanaitwa, wanahojiwa, wanajikanganya, na hadhira inageuka sehemu ya baraza. Ushahidi ambao hadithi iliutoa kwa masimulizi marefu ya Helen unatoka vinywani mwa watu mbele ya mshukiwa mwenyewe, naye yumo chumbani akiwatazama. Holmes haonekani kabisa katika tendo hili. Hadhira inamjua mhanga na kumwogopa muuaji kabla mpelelezi hajaingia. Hapo fumbo linapungua na taharuki inapanda: mtazamaji anauliza kama Enid ataokolewa.

Matokeo yake ni kwamba uzito wa mchezo ulihamia kwa Rylott. Lyn Harding, aliyeigiza nafasi hiyo, alisifiwa kiasi cha kuirudia katika filamu ya mwaka 1931. H. A. Saintsbury, aliyekuwa Holmes, hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Alikwishaigiza mpelelezi huyo katika tamthilia ya William Gillette iliyozunguka Uingereza, ambamo kijana Charlie Chaplin alikuwa mtumishi Billy.

Lakini mtihani mkubwa ulikuwa nyoka. Msomaji humkubali bila kuhoji, ingawa elimu ya wanyama inampinga: nyoka hafugwi kwa kisahani cha maziwa, wala si rahisi kuitika mluzi kupitia ukutani. Kasi ya usimulizi hufunika yote hayo. Jukwaani nyoka lazima aonekane. Doyle alitafuta chatu hai, asiye na sumu, akijivunia uhalisia wake. Anasimulia kwamba mhakiki mmoja alilalamika kuwa mchezo uliharibiwa na nyoka wa bandia, naye akatamani kumlipa mhakiki huyo alale naye kitanda kimoja. Nyoka hai ama alining'inia kama kamba ya kengele, ama alirudi tunduni kumkabili fundi aliyemfinya mkia. Mwishowe walitumia nyoka wa kutengenezwa, na kila mtu akaridhika.

Kisa hiki huchekesha, ila kina nadharia ndani yake. Kinachoaminika jukwaani ni kile kinachotenda kwa wakati unaotakiwa. Uhai wa kifaa haukisaidii kitu. Nyoka wa kweli alionekana wa uongo kwa kuwa hakujua zamu yake.

Suala hili linaigusa pia riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyejitokeza katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) akiwa na kiko chake na rafiki yake Najum, ana nasaba ya wazi na Holmes. Mtu atakayetaka kumpandisha jukwaani atakutana na maamuzi yaleyale: amfanye nini Najum asipokuwa dirisha la msomaji, na mzimu aoneshwe kwa kiasi gani kabla Bwana Msa hajasema neno.