Waliorudi na Waliobaki

Mwaka 2008 China ilianzisha Mpango wa Vipaji Elfu ili kuwavuta nyumbani wanasayansi wake waliolowea ughaibuni. Aliyekubali kurudi alipewa yuani milioni moja za kuanzia maisha, zisizokatwa kodi, mbali na fedha za utafiti. Mwenzake wa ofisi ya jirani, aliyesomea Beijing au Wuhan na kupanda ngazi moja moja, alibaki na mshahara wake uleule. Wengi husema watu hawa hawapatani kwa sababu ya tabia. Mimi ningeanza kwa kuuliza nani analipwa nini.

Tabia nazo zipo. Bosi akituma agizo kwenye kundi la WeChat, wafanyakazi hujibu mmoja baada ya mwingine: nimepokea, nimepokea, nimepokea. Aliyetoka Marekani juzi anauliza: kwa nini tufanye hivi? Kimya. Wenzake nao walikuwa na maswali, ila waliyamaliza jana usiku wakila na bosi, na yeye aliaga mapema kwa kuwa saa za kazi zilikwisha.

Meza hiyo si ya chakula tu. Aliyesoma nyumbani ana mwalimu aliyemlea, na wanafunzi wengine wa mwalimu huyo wametapakaa vyuoni, wizarani na kwenye kamati zinazogawa fedha. Aliyekaa nje miaka ishirini hana ukoo huo. Mfano ni mwanasayansi Shi Yigong, aliyeacha Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, akaenda Chuo Kikuu cha Tsinghua. Mwaka 2010, yeye na Rao Yi, aliyerudi pia kutoka Marekani, waliandika katika jarida la Science kwamba fedha za miradi mikubwa hutolewa kwa kujuana. Mwaka uliofuata wote wawili walikosa kura za kuingia Akademia ya Sayansi ya China. Shi aliingia 2013.

Hata hivyo, kujuana huko hakuwaumizi waliorudi peke yao. Tu Youyou, aliyegundua artemisinini, chimbuko la dawa mseto ya malaria tunayoimeza huku kwetu, alisomea Beijing, hana shahada ya udaktari, na Akademia haikuwahi kumchagua. Alipata Nobel mwaka 2015 akiwa hivyo hivyo.

Siku hizi waliorudi ni wengi mno kuitwa vipaji adimu: mwaka 2019 pekee walizidi laki tano. Shahada ya London haimshtui tena mwajiri wa Shanghai. Na mwaka 2025 Dong Mingzhu, mkuu wa kampuni ya Gree, aliwaambia wanahisa kwamba hataajiri hata mmoja wa waliorudi, akidai miongoni mwao wamo majasusi.