Chanzo Kimoja, Mifereji Mingi: Jinsi ya Kutofautisha Matoleo ya Mfumo wa Simu Janja

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwenda Moshi kwa barabara kuu, akishapita Hedaru na Makanya, huiona milima ya Upare mkono wake wa kuume hadi afikapo mji wa Same. Bondeni nchi ni kavu. Juu, penye kilele cha Shengena chenye kimo cha meta 2,462, kuna msitu na mvua. Tangu zamani, wakulima wa Upare wameyakinga maji yashukayo kutoka huko katika mabwawa madogo yaitwayo ndiva. Maji hujaa usiku, na asubuhi ndiva hufunguliwa ili mifereji iyapeleke mashambani kwa zamu. Chanzo ni kimoja, lakini shamba hili hustawi na lile hukauka, kwa kuwa mifereji haikuchimbwa sawasawa wala haitunzwi sawasawa.

Jambo linalofanana na hilo limo mifukoni mwetu. Wanafunzi wawili wa Same wanaweza kuwa na simu zenye Android ya namba ile ile, lakini simu moja ikawa nyepesi na salama, na nyingine ikawa nzito, imejaa programu zisizoombwa, tena haijapata kiraka cha usalama kwa miaka mitatu. Fundi wa simu huweza kumwambia mwenye simu ya pili: “Tuiflashi, tuiwekee mfumo mwingine.” Je, mfumo huo mwingine ni upi? Ni bora kuliko wa kwanza, au ni wa hatari? Makala hii inakusudia kumpa msomaji vipimo vya kuamulia.

MFUMO ENDESHI NI NINI?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimama kati ya vifaa vya simu, kama vile kamera, kioo na redio ya mtandao, na programu tunazozitumia. Katika simu ya Android yafaa tutofautishe tabaka nne.

Tabaka la kwanza ni programu kianzishi, ambayo huamka mara simu iwashwapo na kukagua kama mfumo uliomo unaruhusiwa kuendelea. La pili ni kiini, ambacho hugawa kumbukumbu na muda wa kichakato kwa programu zote. Kiini cha Android kimetokana na Linux, kazi iliyoanzishwa na Linus Torvalds wa Finland mwaka 1991. La tatu ni viendeshi, yaani programu ndogo zinazokijulisha kiini namna ya kusema na kila kifaa. La nne ni sura na huduma ambazo mtumiaji huziona.

Zamani mifumo ya vyombo vidogo iliwekwa katika kumbukumbu iliyosomwa tu bila kuandikwa upya, ikaitwa “romu”. Siku hizi hukaa katika kumbukumbu ya flashi, ambayo huweza kufutwa na kuandikwa tena. Ndiyo sababu mafundi wetu husema “kuflashi simu”, nao huendelea kuuita mfumo “romu” ijapokuwa maana ya asili imepita.

CHANZO CHA WOTE

Kampuni ya Google iliinunua kampuni changa ya Android mwaka 2005, na simu ya kwanza ya Android iliuzwa mwaka 2008. Msimbo wa msingi wa Android hutolewa hadharani; mtu yeyote anaweza kuusoma, kuubadili na kuutumia. Hii ndiyo ndiva yetu.

Hata hivyo, masharti ya kuyatumia maji haya hayafanani. Kiini cha Linux hutolewa kwa leseni ya GPL, ambayo humtaka kila anayegawa kiini hicho atoe pia msimbo wake. Sehemu nyingi zilizobaki hutolewa kwa leseni ya Apache, ambayo humruhusu mtengenezaji kuyaficha mabadiliko yake. Nazo programu za Google zenyewe, kama vile duka la programu na ramani, si sehemu ya msimbo huo wa wazi. Hutolewa kwa mkataba maalumu.

MATOLEO YA AINA NNE

Kutoka katika chanzo hicho hutengenezwa matoleo mengi. Tunaweza kuyagawa katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni matoleo ya watengenezaji. Samsung huliita lake One UI. Tecno hutumia HiOS, na Infinix hutumia XOS. Matoleo haya hufuatana na vifaa vya simu vizuri kwa sababu mtengenezaji anavyo viendeshi vyote. Upungufu wao ni uzito, matangazo katika baadhi ya simu, na muda wa kuhudumiwa. Mtengenezaji ndiye anayeamua lini mfereji ufungwe. Kwa simu ya Galaxy S24 ya mwaka 2024, Samsung iliahidi miaka saba ya viraka vya usalama. Simu nyingi za bei nafuu hupewa muda mfupi zaidi sana.

Fungu la pili ni matoleo mepesi. Mwaka 2017 Google ilitangaza Android Go, iliyopunguzwa uzito kwa ajili ya simu zenye kumbukumbu ya GB 1 au pungufu. Msomaji asilichanganye toleo hili na KaiOS, mfumo uliotumika katika simu ya Smart Kitochi iliyoletwa na Vodacom Tanzania mwaka 2019. KaiOS nayo hutumia kiini cha Linux, lakini ilitokana na Firefox OS, si Android, na programu za Android haziendi ndani yake.

Fungu la tatu ni matoleo huru yaliyo rasmi, yaani yanayotengenezwa na kundi la waandishi wa programu wanaojulikana, kwa utaratibu maalumu. Mashuhuri miongoni mwake ni LineageOS, mrithi wa CyanogenMod iliyoanzishwa mwaka 2009 na Steve Kondik na kukoma mwishoni mwa mwaka 2016. Kusudi lake kubwa ni kuzirefushia simu maisha. GrapheneOS limejengwa hasa kwa simu za Pixel, na shabaha yake ni usalama. /e/OS, lililoanzishwa na Gaël Duval wa Ufaransa, hujaribu kumtenga mtumiaji na huduma za Google. Kwa hiyo haifai kuuliza toleo gani ni bora kabla ya kuuliza ni bora kwa kazi gani.

Fungu la nne ni matoleo huru yasiyo rasmi. Mtu mmoja huchukua msimbo, akaubadili nyumbani kwake na kuugawa. Kazi yake huweza kuwa nzuri sana, au huweza kuficha programu ya wizi. Nje yote mawili hufanana.

Mipaka ya mafungu haya hupitika. MIUI ya kampuni ya Xiaomi ilianza mwaka 2010 ikiwa toleo huru la kuwekwa katika simu za wengine. Mwaka uliofuata Xiaomi ikatoa simu yake yenyewe.

KWA NINI TOLEO LA SIMU HII LISIWEKWE KATIKA ILE?

Swali hili huulizwa na wanafunzi mara nyingi. Katika kompyuta ya mezani, kiini huweza kuviuliza vifaa vingi, navyo vikajitaja. Katika simu mambo si hivyo. Kiini lazima kipewe mapema orodha ya vifaa vilivyomo na mahali vilipo. Orodha hiyo hutofautiana kwa kila aina ya simu. Toleo la simu nyingine likilazimishwa, simu huweza kukosa sauti au mtandao, au isiwake kabisa.

Mwaka 2017, pamoja na Android 8, Google ilitenganisha sehemu ya viendeshi na sehemu ya mfumo ili ya pili iweze kubadilishwa bila kuigusa ya kwanza. Kazi ikawa rahisi zaidi, lakini haikukwisha. Simu ambazo msimbo wa kiini chao haukutolewa hadharani hukosa matoleo huru, au huyapata yenye kasoro.

VIPIMO VITANO

Anayetaka kulinganisha matoleo mawili na ajiulize maswali haya.

Kwanza, limejengwa juu ya Android namba ngapi? Namba ya toleo si namba ya Android. LineageOS 21, kwa mfano, imejengwa juu ya Android 14.

Pili, kiraka chake cha usalama ni cha tarehe gani? Tarehe hii huonekana katika mipangilio ya simu, nayo ina uzito kuliko sura ya toleo. Lakini ikumbukwe kwamba toleo huru haliwezi kutibu kasoro zilizo ndani ya programu za siri za kichakato na redio ya mtandao, ikiwa mwenye kuzitengeneza ameacha kuzihudumia.

Tatu, ni imara au ni la majaribio? Baadhi ya matoleo hubeba neno la Kiingereza lenye maana ya “la kila usiku”. Asili yake ni kwamba mitambo ilikusanya mabadiliko ya mchana na kujenga toleo jipya usiku, kama ndiva inavyojaa watu wamelala. Toleo la namna hiyo ni jipya, lakini halikujaribiwa kwa muda mrefu.

Nne, limetiwa sahihi na nani? Kundi makini hutoa pamoja na faili alama ya SHA-256, ambayo huandikwa kwa tarakimu 64 za mfumo wa kumi na sita. Ukiikokotoa alama hiyo kwa faili uliyoipokea na tarakimu moja ikatofautiana, faili si ile iliyotolewa, iache.

Tano, nini hakifanyi kazi? Toleo la kuaminika hutaja kasoro zake waziwazi.

FEDHA, DATA NA SHERIA

Kabla ya kuweka toleo huru, sharti programu kianzishi ifunguliwe. Kwa kawaida tendo hilo hufuta picha, barua na madokezo yote yaliyomo, ili mwizi asifungue simu na kuyasoma. Mwenye simu na anakili vitu vyake mahali pengine kwanza. Aidha, watengenezaji wengine hukataa kabisa simu zao zifunguliwe, na wengine hufuta dhamana.

Programu za benki huweza kuuliza kama mfumo uliomo umethibitishwa, na jibu likiwa si ndiyo, zikakataa kufunguka. Lakini huduma ya fedha inayopigwa kwa namba, kama *150*00# ya M-Pesa, haitegemei ukaguzi huo: orodha tunayoiona imo katika mitambo ya kampuni ya simu, na simu yetu huionyesha tu. Kwa mfanyabiashara wa tangawizi wa Mamba Miamba, anayelipwa kwa simu, tofauti hii si ndogo.

Mwisho, kubadili mfumo si sawa na kubadili namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI. Kuichezea namba hiyo ni kosa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia kwa kutumia namba hizo. Fundi anayejitolea kukubadilishia IMEI na aepukwe.

HITIMISHO

Tumeona kwamba matoleo hutofautiana kwa chanzo cha viendeshi, muda wa kuhudumiwa, kusudi, na uaminifu wa waliyoyatengeneza. Simu inayopata viraka kutoka kwa mtengenezaji wake aghalabu haina haja ya kubadilishwa. Simu iliyoachwa, lakini yenye toleo rasmi la kundi linalojulikana, huweza kuongezewa miaka. Simu iliyoachwa na isiyo na toleo rasmi yafaa itumiwe kwa kusoma na kupiga picha, si kwa kutunza fedha.

Wakulima wa ndiva hawafungui maji kabla ya kukagua mfereji. Nasi tusibonyeze kabla ya kukagua.

MASWALI YA MAZOEZI

1. Tazama tarehe ya kiraka cha usalama katika simu tatu za nyumbani. Ipi imeachwa kwa muda mrefu zaidi?
2. Alama ya SHA-256 ina biti 256. Tarakimu moja ya mfumo wa kumi na sita hubeba biti 4. Onyesha kwa nini alama hiyo ina tarakimu 64.
3. Eleza kwa nini leseni ya GPL humfaa mtu anayetaka kutengeneza toleo huru.
4. Rafiki yako ana simu ya pekee anayopokelea ada ya shule. Fundi anamshauri aweke toleo lisilo rasmi. Utamshauri nini, na kwa sababu zipi?