'Eye' na 'ear': Kiingereza cha kujua kabla ya kumpa mtoto dawa

Newala. Kwa bibi mmoja hapa Mkunya, dawa za nyumba nzima hukaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Nilipomtembelea, mjukuu mdogo alikuwa na macho mekundu, hivyo bibi akatoa kichupa cha matone na kumwita mjukuu mkubwa, wa kidato cha pili, amsomee.

"Ear drops," kijana akasoma bila kusita.

"Ya macho hiyo?"

Akafikiri kidogo. "Nadhani ndiyo, bibi."

Siyo. "Eye" ni jicho, "ear" ni sikio. Maneno yote mawili yana herufi 3, yanaanza na "e", na vichupa vyake hufanana. Dawa ya sikio ikiingia jichoni inaweza kuchoma vibaya na kulidhuru.

Simlaumu kijana. Kwenye shule nyingi za serikali mtoto husoma kwa Kiswahili miaka yote ya msingi, halafu akiingia kidato cha kwanza masomo yanageuka Kiingereza. Anaweza kukueleza "photosynthesis" vizuri tu, lakini "teaspoon" hajawahi kuulizwa kwenye mtihani.

Na mimi kijiko ndicho kinachonitisha zaidi. "Teaspoon" ni kijiko cha chai, mililita 5. "Tablespoon" ni kijiko kikubwa, mililita 15. Ukichanganya, mtoto anakunywa dozi 3 kwa mpigo. Hata dawa ya maji ya paracetamol, ambayo wengi tunaiona ya kawaida, ikizidi huumiza ini. Vijiko vya nyumbani navyo havilingani, kwa hiyo pima kwa kijiko au kikombe kidogo kilichokuja na dawa.

Kuna mtego mwingine, nao unatokana na Kiswahili chetu wenyewe. "Every 8 hours" ni kila baada ya saa 8, siyo kila ikifika saa 8 mchana. Ukianza saa 12 asubuhi, dozi inayofuata ni saa 8 mchana, kisha saa 4 usiku. Anayempa mtoto mara moja tu kwa siku anamwachia ugonjwa nafasi ya kuendelea.

"Shake well before use" ni tikisa vizuri kabla ya kutumia, kwa sababu dawa nyingine hutuama chini ya chupa. Mwanafunzi mmoja alinitafsiria hilo "well" kuwa kisima. Kwa shida ya maji ya huku Newala, sikushangaa.

"For external use only" ni ya nje ya mwili tu, haimezwi. "Mfg" ni tarehe ya kutengenezwa. "Exp" ni mwisho wa matumizi.

Ukinunua kwenye duka la dawa muhimu, mwombe muuzaji akuandikie kwa kalamu, kwa Kiswahili, juu ya boksi: ya nini, kiasi gani, saa ngapi. Usione aibu, na usiondoke kabla hujamrudishia maelezo kwa maneno yako.

Bibi alimwagiza kijana achore sikio kubwa kwenye kile kichupa, na mdogo apelekwe zahanati. Kijana alipokigeuza atafute pa kuchora, akaiona "Exp". Dawa ilikuwa imekwisha muda tangu mwaka jana.