Je, Wajua? Ulaini wa Steki Huanza Kabla ya Moto

Steki ikitoka ngumu, lawama humwangukia mwenye bucha. Mara nyingi, hata hivyo, tatizo limo jikoni mwetu: kisu, maji na moto.

Sarara ni msuli usiochoka. Umelala chini ya uti wa mgongo, upande wa kiunoni, na haufanyi kazi kubwa ng'ombe anapotembea. Ndiyo maana huiva laini kwa dakika chache tu. Nyama ya muundi hubeba uzito kutwa nzima, hivyo imejaa protini ngumu iitwayo kolajeni. Hiyo ni ya supu: ichemke taratibu kwa saa kadhaa hadi kolajeni igeuke jelatini.

Kisu kinaweza kuyapunguzia meno kazi. Tazama nyuzi za nyama zinaelekea wapi, kisha zikate kwa kuzikingama. Ukikata kwa kuzifuata, mlaji atabaki anatafuna nyuzi ndefu.

Papai bichi hulainisha nyama bila moto. Utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini, ambacho huvunja protini. Usiipitishe muda, maana nyama hupondeka. Nanasi bichi nalo lina bromelaini. La kopo halisaidii, kwa kuwa limeshapashwa moto, na joto huharibu kimeng'enya hicho.

Chumvi ina saa yake. Dakika chache baada ya kuipaka, huvuta maji juu ya nyama. Ukisubiri kama dakika 40, sehemu ya maji hayo hurudi ndani pamoja na chumvi. Basi paka mapema, au paka nyama ikiwa inaingia kikaangoni.

Maji ndiyo adui wa rangi ya kahawia. Mwaka 1912, mwanakemia Mfaransa Louis-Camille Maillard alieleza jinsi sukari na asidi za amino zinavyoungana kwenye joto na kuleta rangi. Muungano huo, unaoipa nyama rangi na harufu tamu, hushika kasi karibu nyuzi joto 140 za Selsiasi, ilhali maji huchemka kwenye 100. Nyama ikiwa na majimaji, au vipande vikisongamana, steki huchemka badala ya kukaangika.

Ukoko huo wa kahawia haufungii maji ndani. Mwanakemia Mjerumani Justus von Liebig aliueneza mwaka 1847 mtazamo kwamba moto mkali huziba nyama. Si kweli. Ule mlio wa kikaangoni ni maji yanayoendelea kutoka na kugeuka mvuke. Faida ya ukoko ni ladha.

Maji mekundu sahanini si damu. Damu karibu yote hutoka wakati wa kuchinja. Wekundu huo ni wa mayoglobini, protini inayohifadhi oksijeni ndani ya msuli.

Steki na nyama ya kusaga hazina kipimo kimoja. Wizara ya Kilimo ya Marekani hushauri steki ifike nyuzi joto 63 ndani, kisha ipumzike dakika 3. Ya kusaga ifike 71. Bakteria wengi hukaa juu ya nyama, na mashine huwachanganya hadi ndani.

Kwa hiyo, kabla ya kuwasha jiko, kata kwa kukingama nyuzi na ukaushe vipande kwa kitambaa safi. Kikaango kishike moto kwanza, kisha kaanga vichache vichache.